Samaki wa Zamu ya Bi Zuhura

Mbele ya genge langu hapa Ngamiani yupo fundi baiskeli, kijana mpole, ambaye kila asubuhi kabla sijageuza vitumbua vya kwanza huwa keshaanza kukwaruza tyubu. Krwa, krwa, krwa. Anakwaruza mpaka mpira utoe vumbi jeusi, kisha anapaka gundi, na harufu ya ile gundi inavuka barabara inakuja kukaa juu ya iliki yangu. Wateja wananitania, "Mama Shani, leo vitumbua umevitia petroli?" Nacheka nao. Lakini roho yangu wakati huo haipo gengeni. Ile sauti hunirudisha kwetu, njia ya Pangani, uani kwa baba, nikamwona amechuchumaa, ameshika tyubu ya baiskeli ya watu, anaikwaruza kwa gamba la samaki.

Naam, gamba. Gamba kubwa kama kiganja cha mtoto, gumu, lina vijimwiba upande mmoja, ukipitisha kidole linakuparura kama ulimi wa paka. Samaki mwenye magamba hayo leo Tanga nzima mnamjua. Mnamwita silikanti, mnamchora ukutani, wageni wanakuja kumuulizia. Siku zile kwetu hakuwa na jina. Aliingia nyumbani bila jina, akatoka na mama yangu.

Nisomeni taratibu basi, maana mimi darasa la nne ndiyo mwisho wangu, na sababu ya kuishia hapo imo humuhumu katika habari hii. Na majina nitayataja. Wengine wamekwisha kwenda mbele ya haki, wengine wapo na wanakula na kushiba. Mwenye kununa na anune.

Baba yangu, Athumani, alikuwa mvuvi wa jarife, zile nyavu za papa zinazotegwa maji makuu, nje kabisa ya mwamba. Alikuwa na wake wawili katika nyumba moja, uga mmoja, choo kimoja. Mama yangu, Bi Siti, ndiye mkubwa. Alikuwa Mbondei, kwao Muheza, mtu wa migomba na mihogo, na pale pwani hawakumwacha asahau. Mke mdogo alikuwa Bi Zuhura, mzaliwa wa palepale. Mama alikuwa na mimi peke yangu, Mwanaidi. Bi Zuhura alikuwa na Rehema, niliyemzidi kama mwaka na ushei, na siku ninazozisimulia alikuwa na mimba nyingine, tumbo limeanza kusukuma kanga.

Rehema huyo ndiye aliyenifundisha wivu, naye hakujua kama anafundisha. Baba akirudi kutoka baharini, chumvi imemkauka kwenye nyusi, Rehema ndiye aliyepanda begani. Nami nikikimbilia, naambiwa, "Ah, Mwanaidi, wewe mkubwa." Nilikuwa mkubwa tangu siku Rehema alipozaliwa. Nikawa nasimama pembeni ya mlango natazama miguu yake inavyoning'inia kifuani mwa baba, natazama vidole vya baba vilivyoshika vifundo vyake visije vikaponyoka, na mimi mwenyewe vifundo vyangu vinaniwasha.

Nyumba yetu ilikuwa na sheria, na sheria yenyewe ni zamu. Baba akilala kwa mama usiku wa leo na wa kesho, jiko la mama ndilo linalompikia, na kitoweo alichokuja nacho kinaingia jiko hilo. Zamu ikihamia kwa Bi Zuhura, na kitoweo kinahama. Sisi wa upande usio na zamu tunakula tulichojaliwa. Mama aliishika sheria hiyo kuliko hata yule aliyeiweka. Alikuwa akisema, "Cha zamu ya mtu hakilambwi hata kidole." Aliogopa sana kuambiwa anadokoa. Mtu wa kuja ana mali moja tu, jina lake, na mama yangu lake alilitunza kama mayai.

Ilikuwa Alhamisi, zamu ya Bi Zuhura. Jua halijawa kali, tukawasikia baba na Ami Bakari wanahema njiani. Ami Bakari ni mdogo wake baba, wakivua chombo kimoja. Walikuwa wamebeba mti mabegani, na kwenye mti amening'inia samaki, mkia unaburura mchanga. Dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, wachuuzi walikuwa wamemzunguka, wakamkunjia pua, hakuna aliyemtaka. Basi baba akamleta nyumbani, kifua mbele, kana kwamba aliwakatalia yeye.

Walimbwaga chini uani. Mpaka leo nikifumba macho namwona. Rangi yake ya bluu iliyokolea, kama wino, na mabaka meupe ovyoovyo, kama ukuta uliorukiwa na chokaa. Mapezi yake hayakuwa mapezi ya samaki ninayemjua. Yalikuwa na kigimbi, nyama nene, pezi lenyewe likaanzia mwisho wa nyama hiyo, kama kiganja mwisho wa mkono. Mkia wake mpana, na katikati ya mkia kuna kijimkia kingine kidogo, utadhani kiliongezwa baadaye na mtu aliyebakiwa na udongo. Na macho! Walipomtia kivulini yaling'aa kijani, kama ya paka chini ya kitanda.

"Huyu nani?" mama akauliza.

"Chewa," baba akajibu.

"Chewa ana mikono?"

Ami Bakari akatazama pembeni. Akasema ana nyavu za kushona, akaondoka mbio hata maji ya kunawa hakungoja.

Bi Zuhura akatoka chumbani mwake anajifunga kanga. Kwa siku kadhaa alikuwa anamlilia baba kichwa cha samaki mkubwa, mimba imemtuma. "Ndiye huyo?" akasema kwa furaha. "Kichwa changu hicho, asikiguse mtu!" Kisha harufu ikamfikia. Akashika mdomo, akarudi ndani anapepesuka, tukamsikia anatapika dirishani.

"Siti," baba akasema, "mpikie mwenzio."

"Zamu yake."

"Zamu yake, mikono yako. Humwoni hali yake?"

Mama akachukua kisu. Nilikaa karibu naye kuyaokota magamba, maana nilikwisha yapenda. Yalipangika mwilini moja juu ya jingine kama vigae, na kisu kilikuwa kinateleza juu yake kinalia. Alipofika kwenye nyama ndipo mambo yalipoanza. Mafuta yalitoka, ndugu zangu, hayakuwa mafuta ya samaki. Mazito, yanang'aa, yamejaa kila pahali, chini ya ngozi, kichwani, tumboni kwenye lile furushi ambalo samaki wengine huweka hewa. Mama alinawa kwa jivu, akanawa kwa ndimu, mikono ikawa vilevile inateleza. Akakata mgongo akitarajia mfupa, akakuta mrija. Mrija mnene kama bomba la baiskeli, na maji yakaruka yakampata shavuni. Samaki mkubwa vile, uti wa mgongo hana. Na tumboni, mayai. Si mayai ya samaki yale ya chengachenga. Haya makubwa kama machungwa, mekundumekundu, hayana ganda, yanatetemeka yenyewe yakiguswa.

Mama akasimama. Akaita, "Baba Mwanaidi!"

Baba akatokea na Rehema begani.

"Samaki huyu mimi simpendi. Mafuta yake hayatoki mkononi, tumboni yatatoka? Uti hana. Na ana mimba, na mwenzangu ndani ana mimba. Mfukie chini ya mnazi, utazaa."

Baba alicheka mpaka Rehema akamshika nywele asianguke. "Mtu wa Muheza wewe, unajua samaki au unajua kisamvu? Mwenzio kapata kichwa, wewe unataka kipewe mnazi! Wivu huo, Siti. Wivu. Pika."

Na Rehema kule juu akaimba, "Wi-vu, wi-vu," akipiga visigino kifuani kwa baba.

Lile neno lilinichoma mimi. Niliinama kwenye magamba yangu nikaona aibu, maana wivu uliokuwepo pale uani siku ile ulikuwa wangu, si wa mama. Nikaona kama baba amekosea mtu tu.

Mama akapika. Hakupika kwa kisirani. Mama yangu hakujua kupika kwa kisirani. Alikuna nazi mbili, akakamua tui zito la kwanza akaliweka kando, akatia ukwaju, bizari, pilipili nzima, akaacha mchuzi uchemke polepole mpaka harufu ikapanda ukuta ikaenda kwa majirani. Na kwa harufu hiyo akaja Shangazi Mwanjaa, dada yake baba, mwanamke aliyekuwa na pua yenye miguu. Alikaa mkekani kabla ya kukaribishwa.

Wakala. Baba, Bi Zuhura na kipande cha ndimu puani, Rehema, na Shangazi. Ami Bakari alipita akaitwa, "Bakari, njoo onja samaki wetu!" Akasema ameshiba, akapita.

Sisi tulikaa upande wetu na ugali na kisamvu.

"Mama, hata mchuzi?" nikanong'ona.

"Hatulambi cha zamu ya mtu."

"Umepika wewe!"

"Ndiyo maana. Kula."

Nilikula kisamvu kimechanganyika na machozi. Nilimwona baba anachambua nyama ya shavu la yule samaki, ile laini, anaipuliza, anamtia Rehema mdomoni kwa mkono wake. Mafuta yakamtiririka Rehema kidevuni, baba akayafuta kwa kidole gumba, akakiramba kidole. Hapo nikamwomba Mungu. Nikasema moyoni, Ewe Mola, Rehema akwamwe na mwiba. Mdogo tu, asife, akohoe.

Asubuhi ya Ijumaa nyumba ilipinduka. Yale mafuta yalikuwa hayana adabu ya kubisha hodi. Yanatoka bila mwenyewe kujua, bila tumbo kuuma vya maana, unainuka mkekani unaacha alama. Choo kimoja, watu wanne. Rehema alilia kwa aibu, Bi Zuhura alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtungi wenye ufa. Shangazi Mwanjaa yalimkuta kwenye mkeka wa shughuli ya watu, na kanga mpya. Ningecheka, na kwa kweli nilicheka kidogo, nyuma ya mlango.

Lakini ya baba hayakuwa ya kucheka. Baba alidhani yamekwisha. Akaoga, akavaa kanzu nyeupe, akaenda msikitini, akasimama safu ya mbele kama kawaida yake. Waliporukuu, wa safu ya nyuma wakaona. Alirudi nyumbani na kikoi cha kuazima, hakupita njia kuu, alipita nyuma ya mashamba. Aliingia chumbani akafunga mlango.

Sasa pana kitu nilikijua, nikakimeza. Nilijua ni mimi. Niliomba mwiba, Mungu akaleta zaidi. Wivu wangu ulikuwa umeingia chunguni.

Jioni ile Shangazi Mwanjaa alilala mkekani uani, mwili hauna nguvu ila ulimi mzima. Akauliza, kana kwamba anaiuliza mbingu, "Hivi, jamani, mbona yeye hakula?"



"Kapika yeye. Kaonja? Hakuonja. Mwanawe kala? Hakula. Wakakaa kule wanatutazama tunavyokula. Na tena naambiwa alisema mwenyewe, mwenzangu ana mimba. Si mlimsikia?"

"Dada Mwanjaa," mama akasema, "mimi sili cha zamu ya mtu. Miaka yote hii unalijua hilo."

"Nalijua. Na jana ndiyo nimelijua zaidi."

Mama akamgeukia Bi Zuhura. "Zuhura, mwenzangu. Nilikupikia vibaya mimi? Siku moja tu?"

Nataka niwe mkweli kwa Bi Zuhura, ingawa sipendi. Hakumsingizia mama. Alimtazama, akafungua mdomo, kisha mkono wake ukashuka tumboni na mdomo ukafunga. Neno lile aliloliweka ndani ndilo ninalomdai mpaka leo. Nami nilikuwa na neno langu. Nilitaka kusema, mbona Ami Bakari naye hakula? Lakini mtoto kwetu hakuingia maneno ya wakubwa, na tena nilijua mkosaji ni mimi, nikaogopa nikifungua mdomo litatoka na hilo.

Jumamosi asubuhi baba alikaa barazani. Pembeni yake watu wawili wa kushuhudia: imamu wa pale kijijini, na Ami Bakari, anatazama vidole vya miguu yake. Mama aliitwa, akaja na mikono ina unga.

"Siti, nimekuacha. Sababu unaijua."

"Siijui, Athumani."

Nilikuwa sijapata kumsikia mama akimwita baba kwa jina lake. Hata baba alishtuka.

"Niambie niijue," mama akasema. "Niiseme nikifika kwetu, maana wataniuliza."

Baba akasema, "Wivu." Neno hilohilo moja. Imamu akakohoa, mambo yakaisha.

Kaka yake mama, Mjomba Kassimu, akaja kumchukua siku ya pili, na baiskeli. Ile njia ya kutoka Muheza ilikuwa na mawe, akafika gurudumu la nyuma limelala. Na baba yangu, mtu muungwana wa pwani, hakuweza kumwacha shemeji yake asukume baiskeli. Akaleta bakuli la maji, akatoa tyubu, akaizamisha, akatafuta pale panapotoa povu. Msasa hakuwa nao. Akaangaza macho, akaona magamba niliyoyaanika ukutani. Akachukua moja, akakaa akakwaruza. Krwa, krwa, krwa. Akakwaruza kwa utulivu, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo kama mtu anayechonga kitu kizuri. Akabandika kiraka, akapiga pampu, akaminya gurudumu kwa kidole gumba kileile. "Itakufikisha, shemeji," akasema.

Mama alipanda kariya na bunda lake mapajani. Nilitegemea ataniambia neno kubwa. Akaniambia, "Kitana chako kiko chini ya mkeka. Usikubali wakusuke kavu, utaumia." Watoto ni wa baba, sikuulizwa. Nikamwangalia mpaka njia ilipopinda, na kwa mara ya kwanza nikaionea wivu baiskeli.

Mimba ya Bi Zuhura haikupata hata mkwaruzo. Alizaliwa Salimu, mzito, kifua kama mlango. Leo anaendesha lori la kwenda Horohoro. Hakuna aliyesema, basi Siti arudi. Mama mdogo alikuwa na kazi nyingi, mtoto anahitaji mlezi, na mlezi nikawa mimi. Nikatolewa shule. Asubuhi Rehema anapita mlangoni na sare yake ya shule, mimi niko kizingitini na Salimu mgongoni ananikojolea. Rehema alifika kidato cha nne, ana kazi ya kukaa kwenye kiti. Mwandiko wake mzuri. Wangu mnauona.

Mama aliishi kwao, akalima, akaugua, akafa. Sababu wakamuuliza, na hakuwa nayo. Baadhi ya watu wa kwao wakaamini aliweka kitu kweli. Mpaka anakufa walikuwa hawali kwake bila yeye kuonja kwanza. Akawa anaonja. Nilikwenda kumwona nikiwa nimekwisha olewa, nikamkuta anaonja maji kabla ya kunipa mimi, mwanawe. Mazoea. Nilikunywa nikatoka nje nikalia kwenye migomba.

Nilibeba ule mwiba wangu wa kuomba miaka yote hiyo. Mpaka siku moja, mama keshazikwa, kijana mmoja anayesomea mambo ya bahari alikuwa anakula vitumbua gengeni na mwenzake anamweleza habari za silikanti. Akasema samaki yule hukaa kule chini kwenye giza, kwenye mapango ya mwamba. Mchana wanajazana pango moja, wakubwa kwa wadogo, na hakuna anayemuuma mwenzie. Usiku wanatoka mmoja mmoja kutafuta riziki, wanaachia mkondo uwachukue, polepole, na pengine mmoja husimama kichwa chini mkia juu, sababu haijulikani. Mimba yake, akasema, si ya miezi, ni ya miaka, na hazai mayai. Yale mayai makubwa huanguliwa ndani kwa ndani, mtoto anatoka mzima anaogelea.

"Analika?" mwenzake akauliza.

"Wapi! Mafuta yale ndiyo yanayomfanya aelee bila kuchoka, lakini tumbo la mtu haliyawezi. Yanatoka kama yalivyoingia. Utaharisha mpaka uone aibu."

Vitumbua viliungua. Nilisimama na kijiti mkononi, moshi unapanda, vijana wananiita, "Mama! Mama Shani!" Mafuta. Mafuta ya samaki tu. Si mama, si mwiba wangu, si wivu. Nikaona kifua kinafunguka, na papo hapo kikafunga tena, maana niliwaza, kumbe ilitosha mtu mmoja kujua. Na nikamwonea wivu samaki. Msinicheke. Bahari imewekewa mipaka kwa ajili yake. Akinaswa kwa bahati mbaya watu wanasikitika, wanampima, wanamwandika habari zake. Anakaa na wenzake pango moja bila kuambiwa ana wivu. Mama yangu alikaa pango moja na mwenzie kwa adabu zaidi ya samaki yeyote, na nani alimpima?

Nikasema basi, ni ujinga. Hatukujua. Baba naye hakujua. Nikamsamehe baba. Nilimuuguza nusu ya ugonjwa wake wa mwisho, Rehema nusu. Tukaenda kwa zamu.

Siku ya arobaini yake tulikaa uani palepale. Wanawake tunachambua mchele, wanaume wamekaa upande wa pili wanamkumbuka marehemu, kama desturi, mema yake na vituko vyake. Ami Bakari sasa ni mzee, meno machache, anapenda kusikilizwa. Akaanza, "Athumani alikuwa mbishi, Mungu amrehemu! Mnamjua yule samaki wa serikali? Sisi tulimtoa kabla ya dunia kumjua. Nikamwambia kulekule chomboni, kaka, mtupe huyu. Nilikwisha mwona mmoja, jamaa walimla wakaharisha mafuta, wakavaa kanga za wake zao. Akasema, Bakari, Zuhura kaniomba kichwa, na leo sirudi mikono mitupu, na tena ukienda kunitangaza nitakushusha chomboni. Basi! Msikiti ukamwona!"

Watu walicheka sana. Hata imamu mpya alicheka.

Mimi niliweka ungo chini. Nikavuka uga, nikapiga magoti mbele yake.

"Ami, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba ulimwambia kabla hajamleta nyumbani?"

"Nilimwambia, wallahi. Hakusikia."

"Basi alipotoka msikitini alikuwa anajua ni samaki."

Ami Bakari akaona anakoelekea. Kicheko kikamwondoka kidogo kidogo, kama maji yanavyoacha ufuo. "Mwanangu," akasema, "mtu mzima kavuliwa nguo mbele za watu. Angewaambia nini? Kwamba alionywa?"

"Na wewe ulikuwa shahidi."

"Nilikuwa na watoto wadogo. Chombo kilikuwa chake."

Alikuwa amesema kweli yote, na kweli yenyewe ilikuwa ndogo hivyo. Shangazi Mwanjaa na mdomo wake, Bi Zuhura na kimya chake, Ami Bakari na chombo chake, hao nawataja na nimewataja. Lakini aliyejua na akatamka yale maneno mawili barazani, mkono unanuka mafuta yale bado, ni Athumani baba yangu. Kesho yake akamzibia shemeji yake pancha, na kazi akaifanya vizuri.

Niliporudi kwenye mchele Rehema alikuwa analia. Hakuwa amesikia vizuri, alisikia watu wanacheka tu, kicheko kikamkumbusha baba. Akaniegemeza kichwa begani, kichwa kizito cha mtu mzima. "Dada," akasema, "alikuwa mtu mwema, baba. Eh? Alinibeba sana."

Nilikuwa na maneno. Yalikuwa yamejaa mdomoni, mazito, yanateleza. Nikamtazama usoni, machozi yake safi, hayana doa, ya mtu anayemlilia mtu anayemjua. Nikasema, "Alikubeba sana."

Akashukuru, akafuta pua, akaendelea kuchambua mchele. Nami nikachambua, nikawa namtazama kwa jicho la pembeni kama nilivyomtazama siku zote. Nimemwonea wivu bega, sare, kiti cha ofisini. Vyote hivyo nimekwisha visamehe. Hili siliwezi: yeye alimzika baba aliyemjua. Mimi wangu nilianza kumjua siku ya arobaini yake.